Sheria Isijifiche Kichakani

Sheria njema haina sababu ya kuona haya. Husimama mahali pa wazi, husema kwa sauti isikikayo, na humwonya mtu kabla ya kumwadhibu. Mwizi hujificha kwa kuwa kazi yake ni ovu. Mwindaji hujificha kwa kuwa mnyama hana lugha ya kuonywa. Lakini askari wa usalama barabarani si mwizi, wala dereva si mnyama. Basi ni kwa hoja gani mmoja aotame nyuma ya mti, chombo cha kupimia mwendo mkononi, na mwingine aje kama swala ajiaye kitanzi? Hilo ndilo swali la makala haya. Nalileta mbele ya wanafunzi na wataalamu kwa sababu limeachwa muda mrefu mno mikononi mwa madereva, ambao hulijibu kwa matusi, na mikononi mwa wakubwa wa askari, ambao hulijibu kwa hesabu ya makosa yaliyokamatwa. Matusi si hoja. Na hesabu ya makosa yaliyokamatwa si hesabu ya roho zilizookolewa.

Mtu atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Ifunda, Mafinga, Nyololo, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi na Uyole kabla hajauona mji wa Mbeya. Akiiacha njia kuu pale Nyololo na kushika njia iendayo Kibao na Mtwango, hufika Igowole, mji mdogo wa wilaya ya Mufindi. Ni nchi ya baridi na ukungu, ya mashamba ya chai, ya misitu ya misonobari, ya mahindi na viazi. Barabara haipiti kando ya mji kama mgeni mwenye adabu. Hupita katikati yake kama mwenyeji. Huku duka, huku duka; huku mama ameweka ndoo za viazi, huku vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja abiria. Lori la magogo likipita, watu husogea. Likisha kupita, hurudi walipokuwa. Watoto wa shule huvuka asubuhi katika ukungu, wakati ambao dereva haoni mbali. Wazee husalimiana kwa “kamwene” kutoka upande mmoja wa njia hata upande wa pili, kana kwamba lami na vumbi havikuwako.

Nimeutaja Igowole si kwa kuwa nina shtaka juu ya askari wake. Sina hata moja. Nimeutaja kwa kuwa ni mfano wa miji mingi, na kwa kuwa mtu aliyesimama hapo kwa muda wa saa moja hawezi kusema upumbavu wa aina mbili ambao husemwa na watu waliokaa mbali. Hawezi kusema kwamba mwendo wa magari usipimwe, maana amemwona mtoto akivuka. Wala hawezi kusema kwamba kila dereva ni mwuaji, maana amewaona madereva hao hao wakishuka, wakinunua viazi, wakisalimu wazee, wakiwabeba wagonjwa. Mwenye makala haya asimama hapo, kati ya mtoto na dereva, na kutoka hapo aitazama sheria.

Sheria yenyewe si mbaya. Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, yaamuru kwamba katika maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Tena kwamba magari ya abiria na ya biashara, na magari mazito yapitayo kilo 3,500, yasizidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya miji. Hizi si tarakimu zilizookotwa njiani. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 hivi kwa nukta moja. Liendalo kilomita 80 hukata mita 22. Katika nukta ile moja ambayo dereva hushtuka na kuitafuta breki, gari la pili limekwisha kula mita nane zaidi, na mita nane ni upana wa barabara nzima ya mji mdogo. Tena nguvu ya kugonga haizidi kwa kadiri ya mwendo tu, bali kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo kishindo cha 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kishindo cha 50. Dereva anayesema kwamba tofauti ya 50 na 80 ni ndogo hajapata kuuliza mifupa ya mtu.

Kwa hiyo nasema tangu mwanzo, ili nisidhaniwe kuwa wakili wa wavunja sheria: kibao cha 50 ni haki, na mji mdogo una haki nacho. Mzozo wangu si juu ya kibao. Mzozo wangu ni juu ya namna kibao kinavyolindwa.

Hebu tutazame namna yenyewe. Chombo cha kupimia mwendo madereva wamekiita tochi, na kukamatwa nacho wamekuita kupigwa tochi. Lugha haikukosea, tochi ni kitu cha gizani. Askari mmoja, mara nyingi bila mavazi yake meupe, hukaa mahali asipoonekana. Hupiga picha ya gari pamoja na mwendo wake. Picha hupelekwa kwa simu kwa wenzake walio mbele, na hao ndio husimamisha gari. Dereva hana nafasi ya kujua alipimwa wapi, isipokuwa kwa kuonyeshwa picha. Kisha huandikiwa. Faini ya papo hapo iliyozoeleka kwa motokaa ni shilingi 30,000 kwa kosa, nayo huwa deni juu ya namba ya gari. Aliyezidisha kilomita tano kwa bahati mbaya mteremkoni na aliyezidisha arobaini kwa kiburi hutoka na karatasi moja. Hapo kuna dosari ya kwanza: adhabu isiyopambanua kosa dogo na kubwa humfundisha mkosaji kwamba maadamu kalipa, bora akose sana. Serikali yenyewe ilikwisha kukiri kwamba adhabu yapaswa kulingana na mtu, ilipopunguza mwaka 2021 faini ya waendesha bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Ikiwa adhabu yaweza kulingana na chombo, kwa nini isilingane na kosa?

Dosari ya pili ni ya vibao. Kibao cha 50 huwekwa penye mwanzo wa mji. Kibao cha kuiondoa amri hiyo chapaswa kuwekwa penye mwisho wake. Lakini vibao vya barabarani ni chuma, na chuma kina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vingine huibwa, vingine hugongwa, vingine hufunikwa na majani. Hivyo dereva huingia katika amri ya 50 kwa kuona, na hutoka kwa kubahatisha. Nyumba zimekwisha, duka la mwisho limepita, mashamba yameanza. Je, bado ni mji? Hapo ndipo mtego hupenda kukaa. Haukai mbele ya lango la shule, mahali ambapo kila mtu mwenye akili hupunguza mwendo. Wakaa kwenye mteremko ulionyooka, nje kidogo ya nyumba, mahali ambapo magari mengi huzidisha na watu wachache huvuka. Hapo nauliza: tumekuja kulinda watu au kuvua samaki? Mlinzi hukaa penye hatari. Mvuvi hukaa penye samaki.

Nitasimulia jambo moja nililoliona kwa macho yangu, katika mji ambao sitautaja. Nilikuwa abiria katika gari dogo; dereva wetu alikuwa mzee mwenye mvi, mtaratibu, aliyepunguza mwendo kila penye nyumba. Tulipokwisha kuuacha mji alikanyaga mafuta kidogo. Nusu kilomita mbele tulisimamishwa. Askari, kijana mwenye adabu, alisema, “Shikamoo, mzee.” Mzee akajibu, “Marahaba, afande.” Akaonyeshwa picha: kilomita 64. Akauliza kwa upole, “Afande, mwanangu, kile kibao cha kuiondoa hamsini kiko wapi? Maana nimekitafuta.” Kijana akatazama nyuma, akatazama mbele, akasema, “Mzee wangu, dereva ni wewe, si mimi.” Akaandika.

Hilo si jambo kubwa. Wengi wamepatwa na zaidi. Kubwa ni lililofuata. Mzee yule alikaa kimya kwa muda, kisha akaendesha kama sikumjua. Faini imekula faida ya safari. Safari yataka kurudiwa jioni. Na tena gari lililotoka mbele limetuashiria kwamba njia ni salama, hakuna askari. Tuliingia kijiji kilichofuata kwa mwendo ambao sikuuthubutu kuutazama kwenye saa ya gari. Mama mmoja aliyebeba mzigo wa kuni aliruka mferejini. Mzigo ukaanguka, mama akanusurika. Mzee akasema, “Mungu ametuhifadhi,” wala hakusema neno jingine mpaka mwisho wa safari. Basi niambieni, enyi watetezi wa mtego: siku ile sheria ilimlinda nani? Mtaratibu alikamatwa mahali pasipo mtu. Akageuzwa mwenda wazimu mahali penye watu. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo; na huyu mama wa kuni hata hakuwa na gari.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mtego haumfundishi dereva kukiheshimu kibao; wamfundisha kumwogopa mtu. Anayekiheshimu kibao hukiheshimu usiku na mchana, penye askari na pasipo askari. Anayemwogopa mtu huhitaji habari moja tu: mtu yuko wapi? Na madereva wamejitengenezea njia ya kuipata habari hiyo. Huwashiana taa. Hupigiana simu. Konda na utingo husoma alama za mikono za wenzao kama mabaharia wasomavyo nyota. Watu wasiojuana, wa makabila mbalimbali na makampuni yanayoshindana, wameunda chama kisicho na daftari wala mwenyekiti, ambacho kazi yake ni moja: kuishinda sheria. Serikali ilitaka kuwatia madereva nidhamu, imewatia umoja. Laiti umoja huo ungetumika kuonyana juu ya shimo, juu ya ng'ombe njiani, juu ya mtoto!

Wala hili si jambo la nchi yetu peke yake, wala si la leo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1903 iliweka mwendo wa mwisho wa maili 20 kwa saa. Askari wakajificha nyuma ya ua na vichaka vya kando ya njia, saa za kupimia mikononi. Mwaka 1905 wenye motokaa wakaunda Automobile Association, na watumishi wake wa baiskeli wakawa wanawaonya wanachama juu ya mitego. Mwaka 1910 mahakama ikaamua kwamba kumwonya mwenda mbio ni kumzuia askari katika kazi yake. Chama kikabuni hila nyepesi: mtumishi alitakiwa kumpigia saluti kila mwanachama apitaye; asipopiga, mwanachama ajue mbele kuna mtego. Nani awezaye kumpeleka mtu mahakamani kwa kukosa kupiga saluti? Ndivyo ilivyo siku zote: sheria ikijificha, raia nao hujifunza kujificha, na katika mchezo huo raia ni wengi kuliko askari.

Huko Marekani, katika jimbo la Ohio, kulikuwa na kijiji kilichoitwa New Rome, chenye wakazi 60 tu kwa hesabu ya mwaka 2000. Njia kuu ilikipitia, na kibao kilishusha mwendo ghafula kutoka maili 45 hadi 35 kwa saa. Kijiji hicho kidogo kilijulikana mbali kwa askari wake na faini zake, hata faini zikawa ndiyo riziki yake kubwa. Mwaka 2004 mahakama iliivunja serikali ya kijiji, na New Rome ikakoma kuwa kijiji chenye mamlaka. Mfano huu haufanani na wetu kwa kila jambo, nami sitaki kudanganya kwa mfano. Faini za Tanzania huingia katika hazina ya serikali kuu, si katika kibubu cha kijiji; Igowole haipati hata bati moja la zahanati kwa faini iliyoandikwa njiani. Lakini hatari ni ile ile kwa sura nyingine. Kazi inapopimwa kwa wingi wa fedha na karatasi, mtenda kazi hutafuta fedha na karatasi. Askari aliyekaa siku nzima mbele ya shule, akionekana na wote, asiandike kosa hata moja kwa kuwa wote wamepunguza mwendo, ndiye aliyeshinda; lakini katika daftari la jioni ataonekana kuwa alilala. Daftari la namna hiyo ni adui wa usalama.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana mshindani asiyesikilizwa hajashindwa. Wa kwanza atasema: “Ukimweka askari mahali pa wazi, madereva watapunguza mwendo hapo tu, kisha watakimbia.” Ni kweli, nami naikubali. Lakini je, mtego wafanya zaidi? Kwa taa mbili za mwenzake dereva hujua mtego ulipo, hupunguza hapo, kisha hukimbia. Tofauti ni hii: askari wa wazi huchagua mwenyewe mahali pa kupunguzwa mwendo, naye aweza kupachagua penye shule na soko, mtego, kwa kuwa wategemea kosa, huchaguliwa mahali na kosa lenyewe.

Wa pili atasema neno lenye nguvu zaidi: “Dereva asipojua askari alipo, ataogopa kila mahali, na kuogopa kila mahali ndiko kuwa salama kila mahali.” Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini tuichambue. Hofu ya kila mahali hutaka mambo mawili: kwamba dereva aambiwe wazi kwamba njia hii yapimwa mwendo, na kwamba akikamatwa aone mwenyewe kuwa alistahili. Basi andikeni kibao kikubwa: “Mwendo hupimwa katika njia hii kuanzia hapa hadi pale.” Askari na ahame, leo hapa kesho pale, simpingi. Ninalopinga ni askari asiye na mavazi, penye kibao kilichoibwa, katika mahali pasipo mtu wa kulindwa. Kuhama si kujificha. Mchungaji huhama, chui hujificha.

Wa tatu atasema: “Tulete mashine, kamera zisizojua rushwa wala upendeleo, na ugomvi utakwisha.” Na atazame Uganda. Mwezi wa Juni mwaka 2025 mpango wa kutoza faini kwa kamera ulianza kazi huko. Makelele ya watu yakawa makubwa hata ukasimamishwa kabla mwezi haujaisha, ili uangaliwe upya. Kamera haikula rushwa. Lakini watu walilalamikia vibao, viwango vya mwendo na ukubwa wa faini. Hilo latuonyesha kwamba kiini cha shauri si tabia ya askari peke yake. Mashine nayo yaweza kuwa mtego, ikiwa aliyeiweka alitaka mtego.

Nisikubali lakini kwamba madereva ni malaika waliosingiziwa. Watu wa Mufindi hawahitaji kuambiwa barabara yaweza kufanya nini. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, basi lililotoka Mbeya liligongana na lori, na kontena likaliangukia basi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Aliyefika mahali pale, au aliyemfahamu aliyefika, hasemi tena kwa mzaha juu ya mwendo wa magari. Lakini msiba ule una funzo la pande zote. Habari za siku zile zilitaja mashimo yaliyokuwa barabarani. Tochi haipimi shimo. Haipimi uchovu wa dereva, wala mzigo uliofungwa vibaya, wala gurudumu lililokwisha. Tukiuweka usalama wote katika chombo kimoja, tutakuwa kama mganga aliye na dawa moja, ambaye kila ugonjwa huuita kwa jina la dawa yake.

Mwezi uliofuata, tarehe 10 Aprili 2015, madereva wa mabasi na malori waligoma nchini. Na mapema mwezi wa Mei wakagoma tena. Wengi walikumbuka tu usumbufu wa abiria. Wachache walisikiliza maneno yaliyosemwa: madereva walitaka mikataba ya kazi, na walipinga amri ya kurudi darasani kwa gharama zao kila watakapohuisha leseni. Neno la mikataba ndilo ufunguo. Dereva asiye na mkataba hulipwa kwa safari. Alipwaye kwa safari huuza mwendo, maana hana kitu kingine cha kuuza. Tajiri humtaka afike mapema, askari humtaka aende pole, na faini, kwa kuwa imeandikwa juu ya namba ya gari, tajiri huikata katika mshahara wa yule yule aliyemharakisha. Basi dereva husagwa kati ya mawe mawili, na unga wake hulika na wawili. Serikali inayotaka kupunguza mwendo barabarani na ianze ofisini kwa mwenye gari, mahali ratiba inapoandikwa. Kwa mabasi jambo hili limekwisha kuwezekana: vipo vyombo vinavyofuatilia mwendo wa basi kwa safari yake nzima, na mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, huona. Aonaye njia nzima ana haja gani ya kichaka kimoja?

Watu wengine watasema kwamba haya ni mambo madogo, ya shilingi elfu thelathini, yasiyostahili kurasa za jarida la wasomi. Nakataa. Mwananchi wa mji mdogo hakutani na katiba kila siku. Hakutani na majaji. Bunge hulisikia redioni. Anapokutana na serikali uso kwa uso ni barabarani, katika mtu mmoja aliyevaa nguo nyeupe. Ikiwa mtu huyo atoka kichakani, serikali imetoka kichakani. Ikiwa kibao kimeibwa na hakuna aliyejali ila faini yadaiwa, mwananchi hujifunza kwamba serikali yakumbuka kudai na yasahau kutimiza. Funzo hilo haliishii njiani. Huenda naye sokoni, kwenye kodi, kwenye kura. Imani ya watu juu ya sheria haibomolewi kwa risasi. Huliwa polepole, kama mchwa wa mlangoni, kwa mambo haya yaitwayo madogo.

Napendekeza, basi, mambo matano, wala hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, mahali popote ambapo kibao cha mwanzo au cha mwisho hakipo, mwendo usipimwe hata kirudishwe. Aliye na mamlaka ya kutoza awe na wajibu wa kuonyesha. Pili, askari apimaye mwendo avae mavazi yake na aonekane. Tatu, mahali pa kupimia pachaguliwe pamoja na serikali ya kijiji, ambayo yajua watoto huvuka wapi na ajali zilitokea wapi. Na mahali hapo pajengwe tuta na kivuko, maana tuta halilali, halisahau, wala halimjui tajiri na maskini. Nne, adhabu ilingane na kosa: onyo kwa kilomita chache za kwanza, faini kubwa na mahakama kwa aliyezidisha kwa kiburi. Tano, kazi ya askari wa mji ipimwe kwa ajali zilizopungua, nazo zitangazwe kwenye mbao za serikali ya kijiji kila mwaka, ili mama wa kuni na dereva wa lori wote waone kama faini zile zilinunua kitu.

Na kwenu madereva nina neno moja, chungu kidogo. Mkitaka sheria itoke kichakani, nanyi tokeni kichakani. Taa zile mwashianazo kumwokoa mwenzenu na faini zimemwokoa pia mlevi, na mwizi, na mwenda wazimu, hamkuwauliza majina. Siku sheria itakaposimama wazi, mtakuwa mmepoteza udhuru wenu wa mwisho. Atakayezidisha 50 mbele ya kibao kilichosimama, mbele ya askari aliyeonekana, mbele ya mtoto avukaye, hatakuwa ameonewa na mtu. Atakuwa amejishtaki mwenyewe. Nami, niliyewatetea leo, nitakuwa shahidi wa upande wa pili.

Asubuhi ya Igowole ukungu hukaa juu ya njia mpaka jua lipande. Katika ukungu huo kila kitu kimejificha: mti, nyumba, lori, mtoto. Dereva mwema huwasha taa, si kwa kuona tu, bali kwa kuonekana. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya barabara, nayo hufundishwa kwa kila anayejifunza kuendesha: uonekane. Sheria inayowaamuru wote waonekane haiwezi yenyewe kukaa gizani. Na itoke, isimame kando ya njia, ivae nyeupe, iinue mkono. Tutaiona, nasi tutapunguza mwendo.